Shule Katika Kibanda cha Ndama

Jumatatu, 3 Julai 1911. Moshono.
Baridi! Ukungu umeufunika mlima Meru mpaka miguuni. Nasieku, mtoto wa jirani yetu Namnyaki, ametumbukia mferejini mama yake akivuna maharage. Mke wangu Eunike amemvuta kwa mguu. Mzima, Mungu ashukuriwe! Jioni likanijia wazo: shule ya watoto wadogo! Akina mama wavune, mimi nifundishe. Na watu wa misheni wataniita Mwalimu Aminieli, nikae benchi la mbele kanisani na Lemburis, anayefundisha wavulana wakubwa na kutembea kama boma la Wajerumani ni lake.

Jumanne, 4 Julai.
Mzee Lerionka amenipa kibanda chake cha ndama mpaka Jumapili. Wazee wasipoona faida, ndama watarudi. Ndama wametoka, harufu imebaki. Nimetangaza ndizi mbivu kwa kila mtoto atakayekuja. Wamekuja wote! Wamekula. Wameondoka wote.

Jumatano, 5 Julai.
Hila mpya: ndizi baada ya somo. Nimeandika A ukutani kwa mkaa. Wawili wamepigana, mmoja amelala, Nasieku ameilamba A ikafutika. Lemburis amechungulia mlangoni. Amesema kufundisha watoto wa umri huu ni kumwagilia jiwe ukingoja liote. Nimemjibu kwamba Jumapili baada ya ibada watasoma alfabeti nzima mbele ya wazee. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Ijumaa, 7 Julai.
Tumefika B. Nimemwomba Eunike ajifiche nyuma ya kibanda Jumapili, asome herufi kwa sauti ya kitoto. Amekataa. Eti yeye amebatizwa. Mimi je?
Lakini Namnyaki ameleta uji, kibuyu kizima. Mwingine ameleta ngozi ya ng'ombe ili watoto wailalie. Mwingine ameziba kwa udongo tundu lililokuwa likiingiza upepo. Sikumwomba mtu! Nimekwenda migombani kufuta macho. Moshi, nadhani.

Jumapili, 9 Julai.
Aibu! Wazee wameketi, Lemburis mbele yao, mikono kifuani. Nikaonyesha A. Kimya. Nikaonyesha B. Kimya. Nikamsihi Nasieku kwa macho. Akapaza sauti: "Ndizi!" Wote wakaitikia: "Ndizi!" Lemburis akacheka mpaka akakohoa.
Mzee Lerionka akasimama. Nikajua ndama wanarudi. Badala yake akawauliza akina mama wiki yao ilikuwaje.
Namnyaki akasema, "Baba, nimevuna shamba zima bila kugeuka kutazama mfereji."
Wenzake wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba mwanawe hulia akifuatwa kurudi nyumbani. Mzee akamgeukia Lemburis, akamwuliza kama wanafunzi wake nao hulia wakiambiwa waende nyumbani. Lemburis akatazama viatu vyake.
Ndama watajengewa kwingine! Akina mama wamepanga zamu za uji papo hapo. Baadaye Lemburis amenivuta kando. Ameuliza, kwa sauti ndogo sana, kama kuna nafasi ya binti yake. Nilikuwa nimeandaa jibu kali. Nimejikuta nimemshika mkono, nikamwambia amlete kesho, na asisahau nguo ya baridi.

Jumatatu, 10 Julai.
Watoto wamejaa hadi sina pa kuweka mguu. Nasieku amelala mgongoni kwangu asubuhi nzima. Akina mama wameniita Mwalimu wakipita, wakaniachia viazi na maziwa. Miaka yote nimejiuliza niliumbwa kwa kazi gani. Sasa najua, na sikuijua peke yangu. Asante, Mungu wangu.
Mama mmoja amekuja kutoka Makumira kuomba nafasi. Wengine wako njiani. Lazima kuwe na utaratibu! Nimeamua kila mtoto mpya afanye mtihani kabla ya kupokelewa. Eunike ameuliza mtihani wa nini.
Wa kusoma, nimemjibu. Shule yenye sifa kama yetu haiwezi kupokea wasiojua kusoma.
Amecheka mpaka akaketi chini. Namshukuru Mungu kwa mke anayeyafurahia mawazo yangu.