Mpeda na Kazi Tatu za Erastus

Jumatatu, 12 Agosti 2024
Jumapili ni kumbukumbu ya mzee wangu Okumu, mwaka mmoja tangu atuache. Nitasoma maneno yangu kanisani Dabani. Wifi Wilkister, dada yake, atasoma yake. Yeye alifika sekondari. Mimi darasa la tatu. Lakini akili ninayo. Maneno yangu nampelekea Erastus, yule wa kuchapa karatasi karibu na mpaka. Wilkister hajui.

Jumanne, 13
Erastus kauliza nataka kazi gani. Kumbe ziko tatu! Ya kwanza, kukamata herufi zilizokosewa. Ya pili, kunyoosha sentensi. Ya tatu, kubomoa yote na kupanga upya, kama nyumba. Akasema mama, yako inatosha ya kwanza. Ya kwanza tu? Nimevaa gomesi, gauni langu la heshima, nimekanyaga matope, nirudi na herufi? Nikasema zote tatu, baba.

Alhamisi, 15
Karatasi imerudi. Inang'aa! "Marehemu alikuwa nguzo ya familia." Nguzo? Okumu alikuwa mfupi. Nikatafuta Mpeda. Hayupo! Katika barua yangu ya kwanza kwa Okumu, bado msichana, niliandika "nakupeda", n nimeiruka. Akaja mpaka Sikuda kwa baiskeli, anacheka, anauliza Mpeda anakaa nyumba gani. Akaniita hivyo miaka thelathini na moja. Leo mtu kanisahihisha jina. Nimelia kidogo jikoni. Lakini nitaisoma. Wilkister atakoma!

Jumapili, 18
Wilkister kaanza. "Ndugu yangu alikuwa nguzo ya familia." Nguzo yangu! Na mistari yote iliyofuata! Kumbe naye alikwenda kwa Erastus kimyakimya, naye akasema zote tatu. Sasa mimi nisome nini? Nikachomoa ile ya kwanza niliyoandika kwa mkono, ilikuwa ndani ya Biblia. Nikasoma na makosa yake. Kwenye "nakupeda" watu wakacheka. Nilipokaa, Wilkister akanishika mkono, akaninong'oneza, pole Mpeda. Mwaka mzima hakuna aliyeniita hivyo.

Jumatatu, 19
Katekista Benard anataka karatasi yangu ikae kwenye daftari la parokia. Ile ile ya mkono, kasema, asiiguse mtu. Mungu wangu! Wajukuu waje waone "nakupeda"? Nimeamka mapema, nimevaa gomesi. Erastus kauliza mama, safari hii kazi gani. Nikamwuliza kama iko ya nne, ya kurudisha n moja bila katekista kujua.