Magunia Mawili kwa Kila Mama

Jumatatu, 6 Desemba 1993
Obiero, mwanamume mzima na ndevu zako, huna haya! Soko zima la Kisumu, wewe peke yako una kibali cha kusafirisha mahindi. Sisi wengine tununue kwako kwa mkebe, gorogoro kwa gorogoro, kama ombaomba! Nimemwambia nitauza yangu, kutoka shambani kwangu Awasi. Akacheka. Eti Dani, nyanya kama wewe kaa nyumbani ushike wajukuu, sheria ni sheria. Sheria ya kumnenepesha yeye! Lakini nina akili. Bila kibali, mtu anaruhusiwa magunia mawili. Nina kumi. Kina mama wa kanisa tuko watano. Kwisha!

Jumatano, 8 Desemba
Tumepanda lori na sare zetu nyeupe za kanisa, tukiimba. Wazo langu hilo. Nani atasimamisha watu wa Mungu? Kwenye kizuizi cha barabarani Ahero, polisi akauliza mahindi ni ya nani. Seline akasema mawili yake. Elsie, mawili yake. Vizuri! Akafika kwa Dorca. Dorca akaitazama sare yake. Akasema hawezi kudanganya akiwa ameivaa. Kwenye kitenge angejaribu. Yote ni ya Dani. Mungu wangu! Mahindi yamelala stoo ya Ahero mpaka nilete kibali.

Ijumaa, 10 Desemba
Nimeenda ofisi ya vibali kuomba. Karani akasema kamati imeona wauzaji wakizidi soko litaharibika. Nikauliza kamati ni akina nani. Akataja Obiero. Na nani mwingine? Akaita mtu anayefuata.

Jumatano, 29 Desemba
Redio imesema vibali basi! Mahindi yatembee yanavyotaka! Nimepiga vigelegele mpaka kuku wa jirani wakatoroka. Magunia yangu yote kumi yametoka stoo. Nimeketi mkabala na Obiero, gorogoro napima mpaka inamwagika. Wateja wanasukumana. Obiero amenuna kama aliyenyimwa ugali. Nimemwambia kila mtu ana haki ya kuuza!

Jumamosi, 8 Januari 1994
Hii si haki, ni fujo! Seline anauza mahindi. Elsie anauza. Dorca naye, tena anawaonyesha wateja mwenyewe gunia lililoingia wadudu wa dumuzi, wanamwamini, na foleni yake imefika kwa wauza samaki wa omena! Soko litaharibika. Lazima serikali itazame nani anafaa. Nimeongea na Obiero. Kumbe ni mtu wa busara. Lornah, mjukuu wangu unayeniandikia haya, wacha kucheka. Chukua karatasi nyingine, andikia ofisi barua: vibali virudi, viwe viwili tu, na changu kitangulie. Andika!