Siku Buti la Kona Sita Lilipozingirwa

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili, na mwenye moja asogee zaidi, niwasimulie vita visivyomwaga damu bali chaki. Mimi ni mgonga kengele wa shule. Niliyaona yote dirishani, na asiyeniamini achukue rula akapime mwenyewe.

Aliinuka Bi Rula, mwalimu wa hesabu, mshinda sehemu, mfuga desimali, akachora ubaoni umbo la kutisha lenye kona sita, mfano wa buti la askari. Kisha akalikata kwa mstari wa nuktanukta likawa mistatili miwili: mmoja wa mita nne kwa nane, wa pili wa mita sita kwa tatu.

"Enyi majemadari wa dawati la mbele, nanyi wakimbizi wa dawati la nyuma! Nileteeni eneo, kisha mniletee mzingo!"

Eneo lilisalimu amri upesi: thelathini na mbili, ongeza kumi na nane, hamsini. Lakini mzingo, ndugu zangu, mzingo! Vinywa arobaini vilinguruma kwa pamoja:

"Arobaini na mbili!"

Bi Rula akashika meza asianguke. Maana nyuma ya darasa aliketi Mkaguzi, bwana wa tai na daftari jeusi, aliyekwisha kumwambia asubuhi ile ofisini: "Wiki tatu mada moja! Leo kengele ikilia hajapata hata mmoja, hesabu atapewa mwingine, nawe utahamia stoo ukatunze majembe." Na Bi Rula anaipenda hesabu kuliko usingizi. Roho iliniuma, sifichi.

Akafuta, akachora upya, akawasihi. Arobaini na mbili! Saa ya kengele ikawadia. Nikaishika nyundo, nikaitazama, nikaiweka chini. Mungu anisamehe zile dakika mbili.

Ndipo akasimama binti wa fundi cherehani, aliyeitwa Kimya kwa sababu tangu muhula uanze hakuna aliyeijua sauti yake.

"Samahani, mwalimu. Mama akiunga vitambaa viwili vya meza, haweki lesi kwenye mshono."

"Rudia, ewe simba jike!"

"Lesi inazunguka nje tu. Ule mstari wa katikati, wa mita tatu, ni mshono. Sisi tumeuwekea lesi, tena mara mbili, huku na huku. Mita sita za bure! Mama angenifukuza nyumbani."

"Basi mzingo ni ngapi?"

"Thelathini na sita."

Lo! Mabati yalitikisika kwa vifijo. Wakimbizi wa nyuma wakapanda juu ya madawati wakipaza sauti, "Na kitambaa chenyewe ndicho eneo!" Bi Rula akamkumbatia binti, akalia bila haya, akamwachia vidole vitano vya chaki begani. Nami nikaipiga kengele mpaka mkono ukafa ganzi.

Mkaguzi peke yake hakushangilia. Alikuwa ameinamia daftari lake, na kutoka pale dirishani nilisoma, kwa penseli iliyochongwa vizuri: *Jibu sahihi, 42.*

Akakohoa. "Mwalimu, endelea na hesabu zako." Kisha akamwinamia Kimya, akanong'ona, "Binti, una kifutio?"

"Ninacho," akajibu yule binti, na sasa darasa zima lilimsikia. "Lakini utakirudisha."

Na iandikwe, vizazi visome: siku ile, kipindi cha nne, dola ya Arobaini na Mbili ilianguka, na kifutio kilirudishwa.