Treni ya Mafuta na Ladu la Posa

Jumatano, 8 Aprili

Baridi. Aprili gani hii? Asubuhi nzima nimesimama darajani karibu na Mtaa wa Dupont, darubini shingoni, pua siisikii. Zimepita treni mbili. Ya kwanza kokoto. Ya pili magari mapya, yamepangwa kama maandazi kwenye sinia. Mafuta hakuna!

Na bado nasema yanapita hapa. Treni ndefu za mafuta ghafi kutoka magharibi, zikienda kwenye viwanda vya kusafishia mafuta huko mashariki, zinakata katikati ya Toronto, chini ya madirisha ya watu waliolala. Njia hawatuambii. Saa hawatuambii. Ni siri, wanasema, kwa usalama wetu. Usalama! Waulizwe wenyeji wa ule mji mdogo wa Quebec ulioteketea treni ya mafuta ilipolipuka katikati yake. Nimeandika makala tano kuhusu jambo hili. Jarida la mtaa limechapisha moja, kwenye ukurasa wa mapishi.

Zameer anapinga. Zameer ni mhasibu wa Don Mills, ana kamera yenye lenzi kama bomba la maji machafu, na ndiye admini wa kundi letu la WhatsApp la watazama treni. Anashikilia kwamba treni zenye mzigo zinazungushwa kaskazini, Vaughan. Leo ameniandikia mbele ya wanachama wote: Mohamedraza, lete picha, maneno yako tunayo ya kutosha.

Kurudi nyumbani Etobicoke, mke wangu Daulat ananiambia Jumapili wanakuja watu kumposa binti yetu Sabreen. Nikauliza watu gani. Akasema ameshanieleza, tena mara nyingi, na kila mara nilikuwa dirishani na darubini. Kijana anaitwa Khalil, familia ya Vaughan, asili yao Tanga kama sisi. Sabreen akaweka simu chini. Akasema kwa Kiingereza, kwa upole wa kutisha, kwamba anampenda kijana huyu kweli, na kwamba siku hiyo neno treni lisitoke kinywani mwangu.

Nimeahidi. Kuahidi najua.

Ijumaa, 10 Aprili

Baada ya sala, pale msikitini kwetu Bathurst, nimefanya wajibu wa baba: kuulizia ukoo wa mkwe. Baba yake kijana anaitwa Alireza. Mpole. Hakosi jikoni siku za majlisi, watu wakikusanyika kwa mawaidha na chakula, anasugua masufuria ambayo wengine tunayakimbia. Hadaiwi, hagombani na mtu. Nikaona uvivu kuendelea. Mtu asiyegombana na mtu, utazungumza naye nini?

Kisha nikauliza kazi yake. Ilibidi nishike rafu ya viatu.

Bwana Alireza anakaa mbele ya skrini katika kampuni ya reli ya mizigo na kupanga behewa lipi lifuate njia ipi!

Nimemsimulia Kiptoo garini. Kiptoo ni Mkenya, mshirika wangu darajani, na ndiye mwenye gari. Hakufurahi hata kidogo. Buda, akasema, hiyo ni posa, si kesi ya mahakamani. Wachana na huyo mzee. Nikamwambia hana jicho la mbali. Akasema jicho la mbali ni la darubini, na mwenye darubini hajawahi kuona treni hata moja ya mafuta.

Wivu.

Jumapili, 12 Aprili

Sijui nianzie wapi. Mikono bado inanuka samli.

Walikuja watatu: Alireza, mkewe Khatija, na Khalil, aliyevaa suti na kunisalimia shikamoo kwa sauti iliyopasuka. Chai, sambusa, habari za Tanga. Wanawake wakazungumza yote ya maana. Mimi kimya. Daulat akaanza kuniangalia kwa mapenzi.

Sasa, desturi yetu ni hii. Maneno yakishakubaliwa, baba wa binti anachukua ladu, lile donge tamu la unga na samli, na kumlisha baba wa kijana kwa mkono wake. Likiingia mdomoni, neno limetolewa, hakuna kurudi nyuma. Kabla halijaingia, hakuna posa.

Nikachukua ladu. Bwana Alireza akafumbua mdomo. Nikasimamisha mkono hewani.

Nikasema nina swali dogo. Akafunga mdomo. Nikasema baba ana haki ya kujua mkwe wake anafanya nini. Yale mafuta ghafi, ndugu yangu, yanapita Dupont au Vaughan?

Daulat alikanyaga mguu wangu kwa kisigino, akabaki hapo hapo. Sabreen alikuwa mlangoni na sinia ya glasi, na glasi zilikuwa zinagongana.

Bwana Alireza akasema kwa sauti ndogo kwamba mambo ya kazini amekula kiapo kutoyasema. Nikamwambia kiapo cha kumficha raia kifo chake si kiapo. Khatija akauliza kwani kuna nini, huyu bwana hataki? Khalil alikuwa mweupe kama ukuta. Ladu likaanza kumomonyoka, chembe zikidondoka kwenye zulia. Mkono sikuushusha. Wanaume wengine wamesimama mbele ya vifaru kwa muda mfupi zaidi.

Alimtazama mwanawe. Kisha Sabreen. Kisha akaniambia: Jumanne, kama saa nne asubuhi, simama darajani kwako Dupont. Utaona kibao chenye namba unayoitafuta.

1267! Namba ya mafuta ghafi, ile wanayoibandika kwenye matangi. Nikalisukuma ladu mdomoni mwake hadi akakohoa. Vigelegele. Wamekubaliana waje tena Jumapili kuvalishana pete.

Daulat hajasema nami tangu wageni waondoke. Uchovu.

Jumatatu, 13 Aprili

Nimeandika kwenye kundi. Nimeanza na neno moja: KESHO. Nimewaita wote darajani, hasa wahasibu. Zameer akauliza nimeyajulia wapi. Sikutaka kujibu. Nilijizuia kwa muda wote wa kuchemsha chai. Kisha nikaandika kwamba chanzo changu ni mkwe wangu mtarajiwa, mpanga njia katika kampuni yenyewe, na je, Zameer ana mkwe gani?

Akatoka mtandaoni. Amekwisha!

Kiptoo amenipigia na kuniomba nifute. Kundi lina watu wengi, anasema, na wengine ni wa reli. Nimemwambia ukweli haufutwi.

Jumanne, 14 Aprili

Walikuja watu kumi na kitu. Zameer na lenzi yake, na stendi ya miguu mitatu ya kuiegemezea. Niliwapanga mwenyewe, wote wakitazama magharibi, maana mafuta yanatoka magharibi. Nikatoa hotuba fupi. Nilikuwa nimefika kwenye uzembe wa serikali honi ikalia.

Nyuma yetu.

Treni ilitokea mashariki, ikapita chini ya miguu yetu kabla Zameer hajageuza lile bomba lake. Matangi meusi, moja baada ya jingine, hayaishi, na kila moja 1267, 1267, 1267. Daraja linatikisika. Nikapiga kelele. Nikamkumbatia mzee mmoja nisiyemjua. Nikamwambia Zameer hadharani kwamba historia itamkumbuka kama mtu aliyekuwa ameangalia upande mwingine.

Zameer alingoja behewa la mwisho lipite. Akafuta lenzi. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayemsaidia mgonjwa kuvuka barabara, kama niliona springi. Tangi lililojaa huzikandamiza springi za magurudumu, linakaa chini. Haya yamekaa juu kama kuku wa maonyesho. Matupu, Mohamedraza! Kibao hakibanduliwi mpaka tangi lioshwe. Yameshashusha, yanarudi kwao magharibi. Hupita hapa kila Jumanne, siku ambayo wewe huwa huji. Mama mmoja wa ghorofa lile pale huyatumia kujua wakati wa kumnywesha mtoto dawa.

Walicheka. Kiptoo alijaribu kujizuia, akashindwa, akaomba radhi, akacheka tena.

Nimesema tangi tupu ni ushahidi wa tangi lililojaa. Hakuna aliyesikiliza.

Jumatano, 15 Aprili

Khatija amempigia Daulat. Nilisikia upande mmoja tu. Daulat alisema ndiyo, dada. Naelewa, dada. Akakaa kwenye kiti cha jikoni akiwa bado ameshika simu.

Mtu ameupeleka ujumbe wangu kwenye kampuni. Alireza ameitwa na wakubwa, akaambiwa akae nyumbani mpaka waamue. Huenda akafukuzwa, na ametumikia huko tangu Khalil yuko shule ya msingi. Jumapili hawaji. Mambo ya pete yasubiri. Yasubiri mpaka lini, Daulat aliuliza. Khatija alisema hajui kama yatakuwepo.

Nilianza kueleza kwamba kampuni inayomwadhibu mtu kwa kusema ukweli ndiyo hasa niliyoiandika katika makala ya tatu. Daulat akanitazama. Nikaacha. Sijawahi kuacha sentensi katikati.

Alhamisi, 16 Aprili

Sabreen amezungumza nami kwa Kiswahili.

Tangu utotoni sisi tunasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza. Leo amekuja mlangoni, macho yamevimba, akasema: Baba, umeniharibia. Basi. Akaondoka.

Heri angenitukana kwa Kiingereza.

Nimevaa koti, nimepanda basi hadi Vaughan. Bwana Alireza alifungua mlango mwenyewe akiwa amevaa aproni. Alikuwa anasugua sufuria, siku ya kazi, mchana. Hakunifokea. Mtu wa namna hii hajui hata kugombana, unabaki umesimama na silaha zako zote.

Akasema hakunipa siri yoyote. Alinipa treni tupu anayoiona kila mpita njia, kwa kuwa aliona kijana wake anakufa pale sebuleni. Wakubwa watalielewa hilo. Wasilolielewa ni majigambo yangu. Wanataka kujua kama amenipa na njia ya treni zenye mzigo. Nikauliza nifanye nini. Akasema: wale uliowatangazia, waambie kwamba hujui kitu.

Mimi! Niseme sijui kitu! Mbele ya Zameer!

Nikasema nitafikiri. Akarudi kwenye sufuria yake. Nilifikiri mpaka kituo cha basi.

Jumamosi, 18 Aprili

Mkutano wa kundi, mkahawa wa donati, Etobicoke. Nikasimama. Nikasema: mkwe wangu hakuniambia njia ya treni yoyote yenye mzigo. Sijui zinapita wapi. Nilijisifu. Na matangi yale yalikuwa matupu, nikayadhani yamejaa.

Zameer alikuwa anarekodi kwa lenzi ile ile, hatua mbili kutoka puani pangu. Akasema rudia, haikushika vizuri.

Nikarudia.

Hakucheka mtu. Kiptoo alinisogezea donati. Zameer akaweka video kwenye kundi mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilimwombea isambae.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Khatija: video imeonyeshwa kwa mkubwa wa mumewe. Alireza amepewa onyo, Jumatatu anarudi kazini. Khatija anauliza kesho waje saa ngapi. Daulat akalia. Sabreen akanikumbatia akiwa bado amenuna. Nimewaapia wote kwamba nimekoma.

Jumapili, 19 Aprili

Pete imevalishwa! Safari hii Bwana Alireza ndiye aliyenilisha mimi, na alinijaza maladu mawili kwa mpigo, nisiweze kusema neno. Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi. Sabreen alicheka kuliko wote. Sikulitaja neno lile hata mara moja.

Nilikaa karibu na kaka yake Khatija, Bahadur, aliyekuja kutoka Montreal. Mtu mtulivu, anapenda kutafuna chevda. Nikamuuliza kazi yake, kama mgeni yeyote anavyoulizwa. Yuko kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Langoni. Anapokea treni.

Anajua kila iliyoingia na njia iliyopitia.

Sikumuuliza kitu. Naapa! Daulat alikuwa ananitazama.

Nikaha ni mwisho wa Mei. Kwa taratibu zetu, sheikh hawezi kuisoma mpaka baba wa binti atoe idhini yake, yeye mwenyewe, kwa sauti, ukumbi mzima umenyamaza. Hakuna wa kumharakisha. Biriani linangoja. Watu mia tatu wanangoja.

Nimemwomba Daulat amweke Bahadur safu ya mbele kabisa. Amefurahi kwamba nimeanza kuwajali wakwe.

Swali moja tu. Fupi.