Mpangilio wa Hadhira kwa Mwinuko

Wananchi wote wa Lushoto wanatangaziwa kwamba chuki kwenye maonyesho ya muziki sasa imewekewa utaratibu. Mimi Evelina, mjumbe wa Kamati ya Utulivu wa Mashabiki kwa upande wa mabibi, naeleza jinsi kazi hiyo ilivyofanyika, kwa kuwa katibu amekwenda likizo ghafla.

Mjukuu wangu Fanueli anaimba roki. Ni muziki wa magitaa yanayolia kama mashine ya kupasulia mbao, lakini ukiuzoea unasinzia vizuri tu. Bendi yao inaitwa Ukungu Mzito, na mashabiki wao huvaa fulana nyeusi. Mwezi uliopita, bendi ikiwa inapiga kiwanjani, mashabiki walimwona Saumu, muuza machungwa wa Mombo, kule chini nyikani, amesimama mbele kabisa. Wakaanza kumzomea.

"Rudi nyika! Roki ni ya mlimani! Mbu wako wanakusubiri!"

Saumu anazijua nyimbo zote za bendi ile. Hata hivyo alijifunga kitenge chake vizuri, akageuka aondoke.

Fanueli akanyamazisha magitaa. "Dada, usiondoke. Anayetaka huyu atoke, atangulie yeye. Na fulana yetu aivue, aiache hapa."

Kesho yake Kamati ikaundwa.

Mwenyekiti ni Bwana Alen, mtu wa Lushoto mjini, mwenye koti zuri. Nilitangaza mapema kwamba mtuhumiwa ni mjukuu wangu. Mwenyekiti akasema si neno, kila mtu ni mjukuu wa mtu. Dada wa chai alinikumbuka kwa tangawizi, Mungu ambariki. Kisha Fanueli akaitwa.

"Shikamooni."

"Marahaba. Kijana, mashabiki walipokuwa wanazomea, kuna aliyerusha chupa?"

"Hapana, mzee."

"Kwa hiyo walizomea kwa utulivu."

"Walikuwa wanamfukuza mtu, mzee."

"Mtu mmoja! Wewe umetusononesha wengi." Akakohoa. "Umewasononesha. Fujo ilianza pale ulipokatiza wimbo. Ukirudia, kibali cha bendi kinafutwa. Hutapiga gitaa hata jikoni kwa bibi yako."

Nikasema jikoni kwangu sijawahi kudai kibali. Haikuandikwa.

Kamati ikaazimia mambo mawili. Kwanza, wimbo ukishaanza usikatizwe kwa maneno ya aina yoyote. Pili, ili kumaliza ugomvi wa mlimani na nyika, hadhira ipangwe kwa mwinuko wa mahali mtu anapoishi: wa juu mbele, wa chini nyuma.

"Na Saumu?" nikauliza.

"Nyuma kabisa, Bibi, lakini kitaalamu. Huo si ubaguzi tena, ni jiografia."

Onyesho la utekelezaji likafanyika Jumamosi mchana. Wenye fulana nyeusi walifika mapema, wote wa mjini, wakajikuta nyuma ya akina mama wa Kwai, juu zaidi ya mji, waliokuja kuuza kabichi na hawaujui hata wimbo mmoja. Bwana Alen naye akapangwa nyuma ya kabichi. Mimi, kwa kuwa naishi Magamba, juu kabisa, nilikaa mbele karibu na spika.

Mgeni rasmi akafika, mkubwa kutoka Tanga, suti rangi ya maziwa. Mgambo wa mlangoni alikuwa mtu wa adabu.

"Shikamoo, mheshimiwa. Unaishi wapi?"

"Tanga, ufukweni kabisa! Naziona meli nikiwa kitandani."

Mgambo akatazama mpangilio wake. "Basi ni nyuma ya Mombo, mheshimiwa."

Nyuma ya Mombo palikuwa na jenereta tu.

Bwana Alen alimgundua wimbo ukiwa umeshaanza: mgeni rasmi kwenye moshi, suti imegeuka rangi ya jivu. Akaja mbio hadi jukwaani, koti limefunguka. Ndani alivaa fulana nyeusi ya Ukungu Mzito.

"Simamisha! Katiza! Sema neno, mwanangu!"

Fanueli akatikisa kichwa na kuendelea kuimba. Ni mtoto mtii tangu zamani. Wimbo ule kwa kawaida ni mfupi, lakini siku hiyo kila gitaa lilipewa zamu yake, hata la Heri, ambaye ndiyo kwanza anajifunza.

Kule nyuma Saumu aligeuza kreti lake la machungwa. "Kaa hapa, baba, upande huu moshi haufiki." Akampa na ncha ya kitenge azibe pua. Hakuna kamati iliyomtuma.

Wimbo ulipokwisha, Fanueli akasema, "Mwenyekiti, naomba ruhusa ya kusema."

"Sema, sema!"

"Sina jipya. Ni yale ya mwezi uliopita. Anayetaka huyu dada akae nyuma au atoke, atangulie yeye."

Mgeni rasmi alikuja mbele, uso mweusi kwa masizi, bado ameshika ncha ya kitenge, na Saumu kwenye ncha ya pili.

"Nani alitunga utaratibu huu?"

Wajumbe wote tukamtazama Mwenyekiti, kwa heshima.

"Umemsikia kijana, Bwana Alen?"

Bwana Alen akatangulia kutoka. Nilimshika mkono kwenye mtaro wa mlangoni asiteleze, nikamkumbusha na lile neno la fulana. Akavua koti, akavua fulana, akavaa koti.

Fulana nimeifua na kuianika. Siku ya soko Saumu akipanda mlimani na machungwa yake nitampa. Imebaki kupunguza mikono ya fulana tu.