Kalori za Shemeji

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Shikamoo, na pole na kazi. Mimi ndiye fundi cherehani wa mkabala na geti lako. Wengi huniita Fundi Suruali. Mwalimu wako wa fizikia ni mdogo wake mke wangu, na tunaishi naye nyumba moja. Kwa heshima zote, naandika kumshtaki.

1. Daktari aliniamuru nipunguze mwili. Nikamwonyesha shemeji pakiti ya biskuti: kila biskuti kalori mia moja na ishirini. Nikamwuliza, kalori ndiyo nini? Akajibu bila kuinua macho kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi, "Ni joto la kupasha gramu moja ya maji kwa digrii moja." Nikapiga hesabu. Lita ya maji ya friji, mpaka ifikie joto la mwili, inakula kalori elfu thelathini na mbili. Yaani lita moja inafuta biskuti zaidi ya mia mbili na hamsini! Nikamwonyesha. Akasema, "Hesabu iko sawa, shemeji." Kwa kuwa mimi si mlafi, nilikomea lita moja na pakiti mbili kwa siku.

2. Nimeongezeka kilo saba. Kigoda changu kilivunjika mbele ya bwana harusi aliyefuata suruali yake. Nilianguka nayo mkononi, ikachanika. Amehamia kwa fundi wa jirani, mtu mwembamba kama sindano. Mke wangu, badala ya kunipa pole, alicheka mpaka akakaa chini.

3. Ndipo shemeji akakumbuka kuniambia kwamba kalori moja ya pakiti ni kalori elfu moja za darasani. Kumbe lita yangu nzima ilifuta robo tu ya biskuti! Mheshimiwa, nikikushonea suruali ya mita moja nikaiita milimita moja, utanielewa?

4. Hakutubu. Mke wangu alileta biskuti nyingine, zimeandikwa kilojuli mia tano kila moja. Nilizirudisha dukani mbio, nikagombana na muuza duka kwamba anataka kuniua. Niliporudi nahema, shemeji akasema, "Si ungegawanya kwa nne na kitu? Ni zile zile." Angesema kabla sijavaa viatu!

Kwa hiyo naomba kilo hizi saba zitambuliwe rasmi kuwa mali ya shule, na daktari aandikiwe hivyo. Shemeji naye ahamishiwe somo la historia, ambako mtu akikosea kwa elfu moja, hakuna anayevunja kigoda.

Wasalimie walimu wote, wapishi, na mlinzi wa getini. Mwambie mhasibu suruali yake iko tayari.

Ni mimi, kwa unyenyekevu na uzito wangu wote,
Fundi Suruali

Tanbihi: Mke wangu ameisoma barua hii na kunishurutisha niongeze kwamba maji matupu hayanipandi, hivyo siku zote hizo nilikuwa nakunywa soda. Sioni hilo linabadilisha nini. Soda nayo ilikuwa ya baridi.