Dakika Kumi Nyuma ya Kliniki

Wakili hakuwa wakili. Jina alilipata kwa kuwapikia chai mawakili miezi minane, mpaka walipogundua kwamba sukari ya ofisi ilikuwa inalala nyumbani kwake. Alitimuliwa akiwa na vitu viwili: koti jeusi lililosahaulika msumarini, na maneno kama "kwa mujibu wa" na "bila kuathiri haki zangu". Kwa mtu mwenye ulimi kama wake, huo ulikuwa mtaji tosha.

Siku bahati ilipomwangukia alikuwa amekaa nje ya kibanda cha fotokopi, anasubiri mtu wa kumdanganya. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kliniki, na nyuma ya kliniki kiwanja kitupu cha changarawe. Magari yaliingia, yakatoka, na hakuna aliyeuliza kitu. Wakili akahesabu arobaini kabla chai yake haijapoa, akaweka kikombe chini taratibu.

"Jamani," alijisemea, "watu wanapaki bure, na mimi nipo hai!"

Wiki haikuisha, bango likapanda ukutani. Lilipanda juu hasa, karibu na paa, ambako ndege tu ndio wangeweza kulisoma kwa starehe. Lilitangaza, kwa herufi za ukubwa wa punje za mtama, kwamba hapa ni mali ya Kampuni ya Maegesho ya Amani na Utaratibu. Kwamba gari litakalozidi dakika kumi litafungwa pingu za gurudumu, bila kujali ni la nani. Kwamba faini itaongezeka kila siku. Na kwamba asiyeridhika akate rufaa kwa barua, sanduku la posta namba fulani. Hayo maneno "bila kujali ni la nani" Wakili aliyapenda mno. Aliyaona yana haki ndani yake.

Dakika kumi! Kliniki ile, kupata namba ya foleni tu ni nusu saa.

Kampuni ilikuwa na mfanyakazi mmoja, pande la mtu aliyeitwa Kimya kwa sababu hakuna aliyewahi kuisikia sauti yake. Yeye alitazama saa, akafunga pingu, akapokea pesa. Mkurugenzi hakuonekana kamwe, kwa kuwa mkurugenzi alikuwa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha fotokopi, ndani ya koti jeusi, chini ya kibao kingine kabisa: MTETEZI WA MADEREVA. RUFAA ZOTE.

Hapo ndipo palipokuwa na utamu. Asubuhi anakufunga, mchana anakulilia. Dereva akitoka kiwanjani anatukana, Wakili anamshika bega: "Pole sana, ndugu yangu. Hawa si watu, ni wanyama. Keti. Tutawatoa jasho." Kisha, kwa ada ndogo, anamwandikia barua ya kutikisa mlima, na mteja anaipeleka posta mwenyewe ili moyo wake utulie. Mteja akishapiga kona tu, Wakili anachukua karatasi nyingine na kuandika jibu la kampuni: rufaa imekataliwa. Alichukia kulimbikiza kazi. Siku ya nne Kimya analichomeka jibu chini ya waipa ya gari, dereva analipa, halafu anavuka barabara kumshukuru mtetezi wake kwa kujaribu. Wengine walimwachia hata ya soda.

Miezi mitatu baadaye alinunua gari. Dogo, jeupe, viti bado vimevaa nailoni. Alilifuta kwa leso yake mwenyewe kila asubuhi, na alipopita wauza maji wakamwita "bosi", aligeuza akapita tena. Maisha yake yote hakuwahi kuwa na kitu cha kumfanya aitwe hivyo. Lilikuwa pia kitu cha kwanza ambacho hakukiiba moja kwa moja.

Basi Jumatatu moja akaingia mama mfupi, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba, mkoba mkubwa kwapani. Mtaani walimwita Bibi Faili. Alifanya kazi masjala ya ardhi miaka thelathini na mmoja na hakupoteza karatasi hata moja.

"Mwanangu, gari langu limefungwa," alisema. "Nimempeleka dada yangu kusafishwa damu. Kutoka nje, nakuta chuma."

"Pole, mama yangu. Ulikaa muda gani?"

"Saa nne. Au damu inasafishwa kwa dakika kumi?"

"Wanyama hao!"

"Na Alhamisi anatakiwa tena. Miguu imemvimba, hawezi kutembea. Bila gari nitambeba mgongoni?"

"Hii, mama," Wakili alisema huku akikunja mikono ya koti, "hii nitaiandika kwa machozi."

Na kweli aliandika. Alipofika kwenye miguu iliyovimba ilibidi apenge kamasi. Bibi Faili alisoma mara mbili, akaitia kwenye bahasha, akaigundisha, akaiweka mkobani, akalipa, akadai risiti. Risiti haikuwa jambo la kawaida pale, lakini yale macho yaliyomtazama juu ya miwani yalimfanya aiandike, tena na tarehe.

Ijumaa akarudi na jibu la kampuni mkononi.

"Wamekataa," alisema. "Jana nimemkodia dada teksi, dereva anaendesha kama anakimbizwa, mgonjwa amelia njia nzima. Na hawa wananiandikia kwamba kuvimba miguu si sababu."

"Hawana utu kabisa!"

"Ila wamejibu upesi."

"Kampuni kubwa hizo, mama. Zina mitambo."

Bibi Faili alifungua mkoba, akachungulia ndani, akaufunga. "Basi nitalipa. Lakini sikiliza, mwanangu. Pale kiwanjani nimekutana na wenzangu wanaolia kama mimi. Wanafika thelathini. Wote wanataka rufaa, na ada watakupa mkononi. Hapa kwako hawaenei. Njoo Jumatano, kulekule."

Thelathini! Wakili alimeza mate mara mbili.

Jumatano alikuja na gari lake, aonekane mtu. Alilipaki katikati ya changarawe, akamkonyeza Kimya, na Kimya akatazama saa. Watu walikuwa wamejaa kweli. Bibi Faili akamsogezea kreti la soda, akamwomba apande awaeleze jinsi anavyowapigania.

Sasa, nani aliwahi kumsikia Wakili akihutubia kwa dakika tisa? Alianza na uonevu duniani. Alipita kwenye haki za binadamu. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye magurudumu aliposikia nyuma yake *kata!* ya chuma kwenye chuma, sauti aliyoijua kuliko ya mama yake.

"We Kimya! Umerukwa na akili? Hilo ni langu!"

"Bila kujali ni la nani," dereva mmoja mrefu alisoma kutoka kwenye bango, amefinya macho.

Bibi Faili akatoa bahasha mkobani. Ilikuwa bado imegundishwa. "Hii ni rufaa uliyoniandikia Jumatatu ile. Goti liliniuma, sikufika posta. Haijawahi kutoka humu. Nieleze, mwanangu: kampuni ilijuaje habari za miguu ya dada yangu?"

"Mi… mitambo," alisema Wakili, akateremka kwenye kreti.

Thelathini wakaanza kusogea. Bibi Faili akawazuia kwa kidole kimoja, akatoa karatasi ya pili. "Kiwanja hiki kina mwenyewe. Mzee wa watu alishasahau kama anacho, lakini faili lake nililifungua mimi. Juzi amenikodishia mwaka mzima, mkataba huu hapa, na mihuri. Kwa hiyo umepaki kwangu. Na Kimya tangu jana ni mwajiriwa wangu, mwenye likizo."

"Yenye malipo," Kimya alisema. Sauti yake ilikuwa nyembamba na nzuri.

"Faini yako ni pesa zote ulizowala hawa, na ada zao juu. Kesho inaongezeka," Bibi Faili aliendelea.

Wakili aliitazama barabara. Angeweza kuingia mitini. Alishafanya hivyo mara nyingi. Kisha akaona nailoni ikimeremeta dirishani, na miguu ikakataa kwenda.

"Nakata rufaa!" alipaza sauti.

"Ni haki yako," alisema Bibi Faili, akampa karatasi na kalamu.

Aliandika akiwa ameegemea boneti, na hajawahi kuandika vile. Alimweka mama yake ndani, na utoto wake, na njaa, na jinsi wauza maji walivyomwita bosi. Hayo ya mwisho yalikuwa kweli, na yalimliza kweli. Akakunja karatasi, akaitia kwenye bahasha, na alikuwa bado anailamba gundi Kimya alipomzunguka polepole, akanyanyua waipa ya gari jeupe na kuchomeka chini yake karatasi iliyokunjwa vizuri.

Rufaa imekataliwa. Tarehe yake ilikuwa ya jana.

Wakili akaingiza mkono mfukoni. Bibi Faili akavaa miwani, akaanza kumwandikia risiti.